Mashine ya Vumbi na Chumba cha Mama

Mama alikuja kukaa kwetu Mpanda mwaka ule baba alipofariki. Nilikwenda kumchukua mwenyewe kijijini Litapunga baada ya arobaini. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nafundisha darasa la tatu, na msichana wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga. Nilimwambia aje anisaidie miezi miwili mitatu. Akaja na begi moja, debe la karanga na fagio mbili za nyasi alizozifunga kwa mkono wake. Alikaa miaka minne.

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kwenda Mwamkulu. Barabara ni ya vumbi, na kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zianze, kila lori la mpunga na kila pikipiki ikipita inatuachia lake. Mama hakulivumilia vumbi hilo. Jiko la gesi alikuwa analiogopa, nguo nilifua mwenyewe Jumamosi, na sokoni walimpunja kwa sababu hakujua kubishana. Kazi iliyobaki ikawa kufagia, na akaishika kama mtu aliyeajiriwa. Asubuhi mimi nikijiandaa kwenda shule nilimsikia: anaanza sebuleni, anapita korido, anaingia chumbani, anamalizia uani. Kapeti la sebuleni alilifagia kwa nguvu, ameinama, mkono mmoja mgongoni, mpaka maua yake yaonekane.

Binti yangu alikuwa anamfuata nyuma. Mama alimwita mke mwenzangu, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, na mtoto akajifunza kuitikia kwa sauti ya mtu mzima kabla hata hajaweza kutamka maneno mengine vizuri. Walilala chumba kimoja, kitanda kimoja. Nilipokuwa nachelewa kurudi nilikuwa nawakuta wamekaa kizingitini wanamenya karanga, wanazungumza mambo yao ambayo mimi nikifika yanakatika.

Nyuma ya nyumba mume wangu alianza kumjengea mama chumba chake. Mume wangu ni fundi umeme, na hela ya fundi umeme inakuja siku inayotaka yenyewe, kwa hiyo chumba kilipanda kidogokidogo. Kuta zikasimama, bati likawekwa, halafu kikakaa hivyo. Hakikuwa na plasta, sakafu ilikuwa udongo, na dirisha lilizibwa kwa gunia. Mama alikuwa anaingia humo mchana na kusimama tu. Mara moja nilimkuta ameweka kiti katikati, amekaa, anaangalia kuta. Aliniambia kitanda kitakaa upande ule, ili akifungua mlango aone mtoto akitoka shule. Tulikuwa tumeanza kuweka hela ya kumalizia kwenye bahasha, ndani ya kabati la vyombo.

Mtoto alipofika miaka minne alianza kukohoa. Mwanzoni tulidhani ni mafua ya kiangazi. Kisha kikohozi kikawa cha kila siku, na kifua kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Siku moja, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu shuleni. Nikakimbia nyumbani nikakuta mama amempakata, mtoto anavuta hewa kwa mabega, midomo imebadilika rangi. Tukapanda bajaji kwenda hospitali, na njia nzima mama alimpepea kwa kitenge.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Mtoto alipotulia alituita chumbani kwake akasema ni pumu. Akauliza mtoto analala na nani, nikamwambia. Akauliza nyumba iko wapi, ina nini ndani, tunafagia namna gani na mtoto anakuwa wapi wakati huo. Mama alikuwa pembeni yangu, mtoto amelala mapajani mwake. Ningeweza kusema tu kwamba tunafagia asubuhi. Nilisema, "Mama ndiye anayefagia. Mtoto anakuwa naye."

Daktari hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba vumbi likipigwa na ufagio linapanda hewani na mtoto wa namna hii analivuta lote. Akatuambia tutoe kapeti, tudeki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, godoro tulianike juani kila wiki. Mwisho akaongeza kwamba wenye uwezo wananunua mashine za kunyonya vumbi, zile zenye chujio zuri, lakini hilo si lazima. Nilitoka pale nimeshika neno moja tu, nalo lilikuwa mashine.

Tulipofika nyumbani mama alimlaza mtoto, akatoka uani, akanikuta naosha vyombo.

"Mwanangu," akasema, "kwa hiyo ni mimi."

Nilimwambia asiseme hivyo, daktari hakusema hivyo. Lakini nilisema huku naendelea kuosha vyombo, sikugeuka. Hilo nalikumbuka kuliko maneno yenyewe.

Wiki ile nzima sikuwaza kitu kingine. Nilijua mwanamke mmoja anayesimamia usafi kwenye nyumba ya wageni pale mjini, nikaenda kumwona baada ya kazi. Wao walikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bei ndogo, na aliniambia bila kuficha kwamba ile inanyonya vumbi mbele na kulitema nyuma, laini zaidi ya lilivyoingia. Ya pili ndiyo yenye chujio. Aliiwasha, akaipitisha kwenye zulia la mapokezi, kisha akafungua kopo lake la kukusanyia vumbi akanionyesha. Zulia lilikuwa limefagiliwa asubuhi ileile, na kopo lilikuwa nusu. Nilisimama nikatazama lile vumbi la kijivu, nikamwona binti yangu akilivuta.

Mwenye duka mjini alisema anaweza kuniagizia kama ile kutoka Dar es Salaam. Bei aliyonitajia ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi, na ilikaribiana kabisa na kilichokuwa kwenye bahasha.

Mume wangu alikwenda kuiangalia ile ya nyumba ya wageni kwa macho yake. Ni mtu wa kupima vitu. Aliporudi alisema mota ni nzuri, haili umeme kama alivyoogopa, na ikitunzwa itakaa miaka. Kisha akaniuliza kwa nini tusianze na la bure, tutoe kapeti. Nikamjibu kwamba kapeti tulilinunua kwa shida, kwamba wageni wakija watakaa kwenye saruji tupu kama watu waliohamia jana, na kwamba hata tukilitoa, bado kuna makochi, bado kuna godoro na mapazia. Kila nilichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Ukweli ambao sikuusema ni kwamba niliitaka ile mashine. Nilitaka kuwa mama ambaye mtoto wake akiugua anafanya jambo kubwa, linaloonekana. Kitambaa chenye maji kilikuwa kidogo mno kwa woga niliokuwa nao.

Mama alikuwa anatusikia. Kesho yake asubuhi sikusikia ufagio. Nilimkuta sebuleni amepiga magoti, beseni pembeni, anafuta sakafu ya kando ya ukuta kwa kipande cha kanga kuukuu, taratibu, ili vumbi lisinyanyuke. Alikuwa ameshakunja kapeti nusu. Alinitazama kama mwanafunzi aliyefanya hesabu na anangoja alama.

"Naweza kufanya hivi kila siku," akasema. "Hakuna kinachopanda. Njoo uone."

Nilitazama saa, nilikuwa na zamu ya asubuhi. Nikamwambia, "Mama, umri wako si wa kupiga magoti. Tunanunua mashine, yaishe." Nikalikunjua kapeti mwenyewe.

Ilibaki habari ya bahasha. Mume wangu alisema hiyo ni hela ya chumba cha mama, kwa hiyo mama aulizwe. Tulimuuliza baada ya chakula cha jioni, sote tumekaa. Hakufikiri hata kidogo.

"Chumba kinaweza kungoja," akasema. "Mtoto hawezi."

Mume wangu alimwahidi kwamba msimu wa mavuno ukifika, watu wakianza kujenga na kazi za umeme zikiwa nyingi, atakimaliza. Mama akamshukuru.

Mashine ilifika kwa basi, kwenye boksi kubwa. Sitaki kuisingizia. Ilifanya kazi. Siku ya kwanza niliipitisha kwenye godoro walilolalia mama na mtoto, nikafungua kopo, nikakuta limejaa. Niliipitisha kwenye makochi, mapazia, kapeti, chini ya vitanda. Ndani ya mwezi kikohozi cha usiku kilipungua. Mtoto akaanza kukimbia uani bila kusimama kushika kifua, na ile dawa ya kupuliza mdomoni aliyopewa hospitali tukawa tunaitumia mara chache. Mume wangu alisema hela imefanya kazi yake, na nilikubaliana naye.

Lakini sikumfundisha mama kuitumia. Alikaribia mara moja nilipokuwa naipitisha, akauliza kile kitufe ni cha nini. Nilimjibu kwamba ina mambo mengi, nikaogopa ataikokota vibaya au atasahau kusafisha chujio. Bei yake ilinifanya niione kama mgonjwa wa kutunzwa. Nilikuwa naiendesha mwenyewe kabla ya kwenda kazini, kisha naifunika kwa kitambaa na kuirudisha kwenye boksi lake. Mama alikuwa anatoka nje ikiwaka, kwa sababu ya ule mlio, anakaa kizingitini mpaka nimalize. Mikono yake hakujua aiweke wapi. Nilimwona anaikunja, anaikunjua, anaiweka chini ya mapaja kama mtoto anayesikia baridi.

Kisha nikamhamisha kitanda. Nilisema mtoto alale peke yake, godoro lake lianikwe kama daktari alivyoelekeza. Mama nikamwekea godoro sebuleni, kwa muda, mpaka chumba kiishe. Hakulalamika. Mtoto ndiye aliyelia siku tatu.

Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Barabarani walikuwa wanapitisha greda, na vumbi likaingia mpaka kwenye sahani. Nilirudi saa tisa nikakuta mama ameshika ufagio wake uani, anafagia mbele ya mlango, na uso wake umechangamka namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Mtoto alikuwa kwa jirani, mama alikuwa amempeleka huko kwanza, kwa kujali. Mimi sikuuliza mtoto yuko wapi. Nilisema tu, kwa sauti niliyozoea kuitumia darasani, "Mama, tulikubaliana nini?"

Akaacha. Aliuegemeza ufagio ukutani taratibu, akaniomba radhi. Mama yangu mzazi aliniomba radhi kwa kufagia, na mimi nikaipokea ile radhi, nikaingia ndani.

Ilikuwa mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata, mavuno yameshapita na chumba bado, aliponiambia anataka kurudi Litapunga. Alisema mvua ziko karibu, mdogo wangu wa kiume anahitaji mtu wa kumsaidia kupanda, na yeye amekaa mjini vya kutosha. Sababu zote zilikuwa nzuri. Mume wangu alimwomba angoje, akamwambia saruji itanunuliwa mwezi ujao. Mama akacheka kidogo, akasema chumba kile kitafaa kwa kufugia kuku.

Mimi sikumzuia. Nataka niseme hapa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Aliposema anaondoka, moyo wangu ulipata nafuu. Niliona sebule bila godoro ukutani, na asubuhi bila mtu wa kumkwepa kwenye korido. Nilimnunulia kitenge, nikampa sukari, mchele na sabuni, nikamtafutia gari lililokuwa linakwenda huko, kiti cha mbele. Nilifanya kila kitu vizuri, isipokuwa lile neno ambalo nadhani alikuwa analingoja. Alisimama na begi lake mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mtoto alishika kitenge chake na hakutaka kukiachia. Mama akainama akamwambia, "Mke mwenzangu, kifua kikipona utakuja tulime." Kisha akaingia garini.

Tuliongea kwa simu yake ndogo ya kitochi kila Jumapili. Kila mara aliuliza kifua cha mtoto kwanza, halafu mashine. Aliiulizia kama mtu anavyoulizia hali ya mkwe. "Bado inafanya kazi vizuri?" Nilikuwa namjibu ndiyo, naye anasema, "Basi, hela haikupotea."

Mwezi wa pili mdogo wangu alipiga simu siku ya Jumanne. Alisema mama ana homa na anakohoa, wamempeleka zahanati amepewa dawa, na amesema nisihangaike. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Alhamisi akapiga tena, akasema amezidiwa kidogo. Nilimwomba nizungumze na mama. Nilisikia pumzi zake kabla ya sauti, fupi, za kupanda mabegani, na nilizijua, kwa sababu nilikuwa nimezisikia kwa mtoto wangu.

"Usije na mvua hii," akasema. "Njia ni mbaya."

Alifariki Ijumaa asubuhi, wakiwa wanatafuta gari la kumleta Mpanda. Nilifika Ijumaa mchana, nyuma ya pikipiki ya mume wangu, tumelowa matope mpaka kiunoni. Wanawake walikuwa wameshamwosha.

Tulipomaliza kuzika, mdogo wangu alikaa na mimi nyuma ya jiko. Sisi hatukuwa watu wa kuambiana mambo mazito. Alizungumza habari za mahindi kwanza, na ng'ombe wa jirani waliovunja uzio. Kisha akaniuliza kama kuna kitu kilitokea kule mjini. Nikamuuliza kwa nini. Alisema mama hakuwa na kinyongo, alinisifu kwa kila mtu, alieleza mpaka kanisani kwamba binti yake amenunua mashine ya gharama kwa ajili ya mtoto. Lakini jioni moja walipokuwa wanakula, yeye mdogo wangu alimuuliza mama atarudi Mpanda lini.

"Akaniambia hawezi kurudi," mdogo wangu akasema. "Alisema, kule kwa dada yako vumbi lilikuwa mimi."

Hakusema kwa kunichoma. Alisema kwa sababu lilikuwa linamsumbua na hakulielewa. Nami sikumweleza. Nilimwambia mama alikuwa na utani wake.

Baada ya miezi kadhaa nilimpeleka mtoto kliniki. Daktari alikuwa yuleyule. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaridhika, akauliza tulifanya nini. Nikamweleza habari ya mashine, nikitegemea kusifiwa. Alisema ni vizuri, kisha akauliza kama kapeti tulilitoa. Nilipomwambia bado lipo alitabasamu, akasema mashine inasaidia, lakini familia nyingi anazozihudumia hazina umeme kabisa, wanatumia kitambaa na maji tu, na watoto wao wanaendelea vizuri hivihivi. Akaniuliza kama yule bibi niliyekuja naye siku ile hajambo. Nilisema hajambo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Siku ileile nilipofika nyumbani nilikunja kapeti. Mume wangu alinikuta nalisukuma nje peke yangu, akanisaidia bila kuuliza. Tulimpa jirani aliyekuwa anahama.

Walimu wenzangu wawili wameshakuja kuniuliza kuhusu mashine, kwa sababu nao wana watoto wa kifua. Wanataka kujua jambo moja, kama inastahili bei yake. Nawaonyesha kopo, nawaeleza chujio linavyosafishwa, nawaambia ile ya bei ndogo waiache kabisa. Nawaambia waanze kwa kitambaa na beseni, wajaribu mwezi mzima kabla hawajatoa hata shilingi. Mmoja alinitazama akaona labda sitaki naye awe nayo. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningewaza hivyohivyo.

Binti yangu sasa yuko darasa la pili. Juzi, likizo ilipokaribia, nilikuwa nachana nywele zake uani akaniuliza kama bibi aliondoka kwa sababu yeye alikuwa anakohoa. Aliuliza bila kulia, ametazama mbele, kama jambo alilokwisha kulikubali siku nyingi. Nilihesabu akilini ameishi nalo miaka mingapi.

Nilimgeuza anitazame. Nilimwambia hapana, bibi hakuondoka kwa sababu yake. Aliondoka kwa sababu mimi sikumwambia abaki, na nilitakiwa kumwambia.

Akafikiri. Akaniuliza kwa nini sikumwambia.

Nilijaribu kupata jibu ambalo mtoto wa miaka saba anaweza kulibeba, nikakosa. Nikamwambia sijui. Akageuka, akanipa kichwa chake, nikaendelea kuchana.